Fundi Njoo Hapimi kwa Simu

Mwanamke anayeitwa Fundi Njoo hakujipa jina hilo. Alipewa na wateja wake, na hawakumpa kwa mapenzi. Ukimpigia simu kumwomba akushonee gauni, anakuambia, "Njoo." Ukimwambia vipimo unavyo, ulipimwa juzijuzi na fundi mwingine, anakuambia, "Njoo." Ukimwambia unaumwa mguu, anakupa pole ya dhati kabisa, anakuuliza umeumwa tangu lini na unatumia dawa gani, kisha anamalizia, "Ukipona, njoo."

Chumba chake cha kazi kipo juu ya duka la vyombo. Ngazi za kupandia ni za chuma, nyembamba, na zinalia kila mtu anapoweka mguu. Ndani mna cherehani ya kukanyaga aliyorithi, na ya pili ya umeme ambayo bado anaiita "mgeni", ingawa mgeni huyo ameshakaa hadi rangi imembanduka. Meza ya kukatia imetandikwa blanketi lenye alama za pasi. Kioo kirefu kilichopasuka kona ya chini kimeegemezwa ukutani, na mbele yake kuna stuli fupi ambayo kila mteja lazima aipande, awe mke wa mkubwa au muuza mchicha. Hapo ndipo anapopimwa, na hakuna pengine.

Chini ya ngazi anakaa fundi viatu, rafiki wa tangu zamani wa marehemu mume wake. Anamwita Fundi Njoo "shemeji", na anajua kwa mlio wa chuma nani amepanda na amepanda na moyo gani.

"Huyo wa leo kapanda na ugomvi," huwa anasema, gundi mkononi. "Amekanyaga ngazi kama anaua siafu."

Sheria ya kutopima kwa simu Fundi Njoo aliirithi pamoja na cherehani. Aliyemlea na kumfundisha kushona alikuwa shangazi yake, mwanamke mkali aliyekuwa akifoka huku amebana pini midomoni, na hakuna aliyewahi kumwona akimeza hata moja. Shangazi huyo aliwahi kushona gauni la harusi kwa vipimo vilivyoletwa na dada wa bibi harusi, vimefungwa mafundo kwenye uzi: fundo la kifua, fundo la kiuno, fundo la nyonga. Uzi haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa la bibi harusi, ambaye aliubana uzi ule kiunoni kwa kadiri alivyotamani kuwa. Siku ya harusi zipu ilifika nusu ya njia ikagoma, na maharusi walipiga picha zao zote wakiwa wametazama mbele, bibi harusi hajageuka hata mara moja.

"Mdomo unadanganya, uzi unadanganya," shangazi alisema tangu siku ile. "Mwili ukishapanda stuli hauna pa kujificha. Mtu akitaka nguo yangu, aje."

Msichana akayameza maneno hayo, na alipokuwa fundi mwenye chumba chake akawalisha wateja. Wengine yaliwakwama kooni. Mmoja wa waliolalamika kwa miaka ni muuguzi wa hospitali kubwa, mwanamke mrefu anayetoka kazini miguu imevimba, na ambaye kila alipofika juu ya zile ngazi alishika ukingo wa mlango na kuvuta pumzi kabla ya kusalimia.

"Fundi, siku moja nitakufia hapa mlangoni," alikuwa akisema. "Halafu uone kama utaweza kuniambia njoo."

"Panda stuli, mama," fundi alimjibu. "Nyosha mgongo."

*

Ukurasa wa mtandaoni ulikuwa wazo la binti yake. Binti huyo anafanya kazi mapokezi katika hoteli ya mji mwingine, na likizo moja alikaa na mama yake wiki nzima, akapiga picha magauni yaliyokuwa yakisubiri wenyewe, akamfungulia ukurasa na kumfundisha kuutumia. Mama alikuwa mgumu mwanzoni. Baadaye alinogewa. Kila gauni lililotoka lilisimamishwa mbele ya kioo, likapigwa picha na kupandishwa, na wateja walianza kumwandikia hukohuko badala ya kumpigia. Hakuona haja tena ya kuhifadhi namba zao. Walikuwepo wote mle ndani, na yeye aliwajibu kwa lile neno lake moja.

Kitu alichokipandisha kwa fahari kuliko vyote ni kola. Aliibuni mwenyewe: vipande viwili vilivyokatwa mshazari, bila kitambaa kigumu ndani, vinavyolala begani kama jani linalokaribia kudondoka ambalo bado halijaamua. Mafundi wengine walijaribu kuiga kwa kutazama picha, na kola zao zilikaa kama masikio ya sungura. Chini ya kila picha aliandika: "Kola ya jani. Ubunifu wangu mwenyewe." Wakati mwingine aliandika mara mbili.

Ujumbe uliomponza uliingia alasiri, akiwa anapiga pindo. Ulitoka kwenye akaunti ya mwenzake wa zamani, mwanamke waliyejifunza pamoja kwa shangazi na ambaye sasa alikuwa na duka kubwa lenye vioo. Walikuwa hawajagombana, ila salamu zilikuwa zimepoa. Kila mmoja alingoja mwenzake aanze. Ndiyo maana alipoona jina lile aliweka gauni pembeni na kusoma kwa makini.

"Dada yangu, umeona huyu anavyojisifu kuwa kola ya jani ni ya kwake? Nimeumia kwa niaba yako. Kola ile hakuna mkono mwingine unaoiweza, sote tunajua. Angalia mwenyewe kabla hajafuta."

Chini yake palikuwa na kiungo cha kubonyeza.

Mtu mwingine angejiuliza kwa nini mwenzake ameyaanza mazungumzo leo, na kwa utamu ule. Fundi Njoo alikuwa ameshavishwa kilemba cha ukoka, na kilimkaa vizuri. Mpaka anabonyeza, tayari alikuwa akitunga matusi ya kumwandikia huyo mwizi wa kola. Ukatokea ukurasa unaofanana kila kitu na ule wa mtandao anaoutumia, rangi ileile, nembo ileile: "Ili kuona picha hii, tafadhali ingia tena." Akaandika namba yake, akaandika neno la siri. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kisha ikaja picha ya maua. Hapakuwa na kola. Hapakuwa hata na gauni.

"Mtandao nao!" alisema, akarudi kwenye pindo lake.

*

Asubuhi iliyofuata ngazi zililia kwa mlio ambao hakuuzoea. Alikuwa fundi viatu mwenyewe, ambaye kwa kawaida hapandi. Husema mtu aliyezaliwa na akili hukaa chini na kuwaacha wengine wapande. Alishika simu yake kwa ncha za vidole.

"Shemeji, katalogi yako imeniulia simu."

"Katalogi gani?"

"Hiyo uliyotangaza jana. 'Wapendwa wateja, pakueni katalogi yangu mpya ya mishono.' Nimepakua. Shika uone, imepata moto kama pasi. Inafungua vitu yenyewe, inatuma meseji kwa watu nisiowasalimia tangu utotoni."

"Mimi sina katalogi. Na wewe katalogi ya magauni ya nini?"

Fundi viatu alikohoa. "Nilitaka kumchagulia mke wangu."

"Mkeo anachagua mwenyewe tangu siku aliyokosea kukuchagua wewe. Ilikuuliza nini ulipoipakua?"

"Iliniuliza kama naikubalia isome meseji. Nikakubali. Kama naikubalia ione namba za watu. Nikakubali. Kamera nikakubali. Nilikuwa naitikia tu shemeji, kama bwana harusi."

Fundi Njoo hakucheka. Alikuwa ameshachukua simu yake na kujaribu kuingia kwenye ukurasa wake. Neno la siri si sahihi. Akaandika polepole, herufi kwa herufi. Si sahihi. Akampigia binti yake.

"Mama, kaa chini kwanza," binti alisema baada ya kusikiliza.

"Nimekaa."

"Hujakaa, nasikia hatua zako."

Akakaa, kwenye stuli ya wateja, maana ndiyo iliyokuwa karibu.

Binti alimweleza bila kumzungusha. Ule haukuwa ukurasa wa mtandao, ulikuwa mtego uliochorwa ufanane nao, na kuliandika neno la siri pale ni kama kuwapa wezi ufunguo wa chumba. Akaunti ya yule mwenzake bila shaka ilikuwa imeibwa kabla ya hapo, na yeye hata hajui kilichoandikwa kwa jina lake. Hiyo katalogi ni programu chafu: kazi yake kuingia ndani ya simu ya mtu na kunyonya kilichomo. Fundi viatu atoe laini yake sasa hivi, azime simu, ampelekee fundi simu aisafishe yote, na kabla ya hapo aende benki awaambie wafunge.

"Lakini walijuaje mambo ya kola?" mama aliuliza. Hilo ndilo lililokuwa likimuuma.

"Umeandika mwenyewe chini ya kila picha, mama. Walisoma wakaona panapokuwasha, wakakukuna hapohapo. Sasa niambie. Kwenye meseji za ukurasa, kuna mteja yeyote mliyekuwa mkizungumzia fedha?"

Fundi Njoo akainuka kwenye stuli.

Alikuwepo. Yule muuguzi alikuwa akimwoza binti yake wa pekee, na sare za dada, shangazi na mama wadogo zote zilikuwa zishonwe mahali pamoja. Fedha haikuwa ya muuguzi. Ilikuwa ya ukoo mzima: wajomba walioahidi wakakumbushwa, bibi aliyeuza mbuzi, binamu walioko mbali. Yote ilikuwa imekusanywa mkononi kwake, na siku mbili tatu nyuma alikuwa ameandika kwenye ukurasa kwamba imekamilika na ataileta siku atakayowaleta mabinti wa ukoo kupimwa. Aliyeiba ukurasa alikuwa ameyasoma hayo kama anavyosoma gazeti. Fedha ile ikienda, hakuna wa kuichanga tena. Harusi itafanyika bila sare, muuguzi atabaki na aibu mbele ya ukoo wake, na jina litakalotajwa kwenye kila kikao cha familia kama jina la mwizi ni la fundi.

"Mpigie simu," binti alisema. "Sasa hivi."

"Sina namba yake."

"Mama!"

"Wanaandika huko, nami nawaambia waje. Namba ya nini?"

*

Hakumbuki kama alifunga mlango. Anachokumbuka ni kwamba kwa mara ya kwanza tangu awe fundi, alikuwa yeye anayemwendea mteja. Alikwenda mbio, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, pini zikiwa bado zimechomekwa kifuani mwa blauzi, na watu wakampisha njia kwa kuhofia kuchomwa.

Hospitalini mlinzi wa lango alimsimamisha.

"Unamtafuta nani, mama?"

"Muuguzi."

"Humu wauguzi ni wengi kuliko wagonjwa. Anaitwa nani?"

Hapo akagundua kwamba hajui. Kwake alikuwa "mama" tu, na kwenye ukurasa alikuwa akitumia jina la mjukuu wa dada yake lililozungushiwa maua. Akafumba macho. Alipofumbua, alisema alichokijua.

"Ni mrefu. Bega la kulia limeshuka kuliko la kushoto, nadhani kwa kubeba mkoba upande mmoja. Mikono mirefu, huwa namwongezea. Mgongo umenyooka juu ila umebonyea kiunoni. Akisimama anauegemea mguu wa kushoto."

Mlinzi akainua bega lake la kushoto, akashusha la kulia, akaegemea mguu, akajiangalia.

"Aa! Huyo wa wodi ya watoto. Mama mkali kidogo."

"Huyohuyo."

"Umepishana naye. Ametoka na sare yake hajabadili hata viatu. Alikuwa anafoka mpaka nikamuuliza, mama, kulikoni? Akasema anakwenda kumpa fundi wake vidonge vyake."

*

Alipofika chini ya ngazi zake, hakuuliza. Fundi viatu alinyoosha bisibisi kuelekea juu.

"Amepanda na ugomvi," alisema kwa sauti ya chini. "Shemeji, huyu hakukanyaga siafu. Huyu alikuwa anaua nyoka."

Muuguzi alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono kiunoni, uso umetota jasho. Hakungoja salamu.

"Miaka yote!" alisema. "Miaka yote umeniburuza kwenye ngazi hizi na miguu yangu hii! Nilikuja nikiwa na homa! Nilikuja mvua inanyesha, ukaniambia nipanguse miguu! Kumbe kwa simu inawezekana!"

Alimsukumia simu usoni. Fundi Njoo alisoma ujumbe uliotoka kwenye ukurasa wake mwenyewe, wenye picha yake mwenyewe:

"Mpendwa mteja, habari za asubuhi. Kutokana na wingi wa kazi, nakuomba unitumie malipo yote leo kwenye namba hii mpya ili niwahi kitambaa. Pia nitumie vipimo vya mabinti hapahapa, hakuna haja ya kusumbuka kuja. Ahsante."

"Umetuma?" fundi aliuliza.

"Nimeingia kabisa kwenye malipo, namba nimeshaiandika. Nimebakiza kubonyeza. Kisha macho yakarudi hapo chini: hakuna haja ya kusumbuka kuja. Nikasema haiwezekani. Huyu mwanamke ameanza kuwapima watu kwa simu, na hakuniambia? Nani amemlegeza? Ni mke wa mkubwa gani huyo? Nikasema fedha hii haitoki mpaka nimwendee, nimwambie macho kwa macho roho yake ilivyo. Sasa nimekuja. Haya, sema!"

Fundi Njoo alikaa chini, sakafuni kabisa, kati ya vipande vya kitambaa, akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, na muuguzi, ambaye kazi yake ni kuona watu wakibadilika ghafla, alisahau ugomvi akapiga magoti na kumshika mkono kutafuta mapigo ya moyo.

"Fundi. Fundi, nitazame. Umekula leo?"

"Sikuandika mimi," fundi alisema. "Ukurasa umeibwa. Mama yangu, sikuandika mimi. Ahsante. Ahsante kwa kuja kunigombeza."

Ilichukua muda muuguzi kuelewa. Alipoelewa, alikaa naye sakafuni, akaitazama ile simu kama kitu kilichotaka kumng'ata. Hakuwa amegundua utapeli wowote. Hilo alilisema wazi, na hata leo analisema anaposifiwa kwa ujanja. Alikuwa amekasirika tu. Mwizi alikuwa amesoma kila kitu kwenye ukurasa ule, majina, harusi, fedha, hata lugha ya heshima ya kuwaandikia wateja, na hakujua jambo moja ambalo kila mwanamke aliyewahi kupanda ngazi zile alilijua mpaka kwenye magoti.

"Kwa hiyo miguu yangu ndiyo imeokoa harusi," muuguzi alisema hatimaye.

"Miguu yako na hasira zako."

"Basi nipe maji ya kunywa. Na uniombe radhi kwa ile siku ya mvua."

Akampa maji. Akamwomba radhi, na ya siku ya homa pia.

*

Jioni hiyohiyo, kipande cha boksi kilitundikwa chini ya ngazi, kikiwa na maandishi ya mkono wa fundi viatu, ambaye huandika kwa herufi kubwa kama anayegombana: UKURASA WA FUNDI UMEIBWA. USITUME KITU. USIPAKUE KITU. NJOO. Muuguzi naye aliwapa habari wauguzi, na wauguzi wakilijua jambo, mji umelijua. Wateja wa zamani walipita mmoja mmoja kueleza. Karibu wote walikuwa wamepata ujumbe ule. Karibu wote walicheka. "Fundi wetu huyu akupime kwa simu? Siku hiyo jua lichomoze magharibi!"

Mmoja hakucheka. Alikuwa msichana mgeni, aliyemjua fundi kwa picha za ukurasani tu, hajawahi kupanda ngazi zile wala kuambiwa njoo, na alikuwa ametuma fedha. Alikuja akijikaza asilie. Fundi Njoo alimpandisha kwenye stuli, akampima, akamshonea gauni lake kabla ya mengine yote, na alipoleta habari za malipo alimwambia asimchafulie hewa ya chumba. Kwa macho ya fundi, yule ndiye pekee ambaye sheria ilikuwa haijawahi kumfikia, na hilo halikuwa kosa lake.

Ukurasa ulirudi baada ya binti kuhangaika na wenye mtandao, kutuma vitambulisho na kujibu maswali. Ulirudi mtupu. Mwizi alikuwa amefuta picha zote, magauni ya miaka, pamoja na picha ya shangazi akiwa na pini mdomoni. Binti alikuja mwenyewe na basi kumwekea mama yake kinga.

"Kuanzia leo, mtu akijaribu kuingia kwa simu nyingine, zitakuja namba kwenye simu yako. Namba hizo usimpe mtu. Akisema ni wa mtandao, usimpe. Akisema ni wa benki, usimpe. Hata nikikuandikia mimi, usinipe."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

"Wewe niliyekuzaa?"

"Hasa mimi. Jina langu ndilo watakalolitumia. Ukipata ujumbe wangu unaoomba kitu, nipigie usikie sauti yangu."

Mama alifikiri. "Yaani uje."

"Ndiyo, mama. Yaani nije."

Picha za magauni ndizo zilizomtia huzuni. Hakumwambia mtu, lakini fundi viatu ana masikio, na muuguzi ana mdomo. Jumamosi ngazi zilianza kulia mapema, na hazikunyamaza. Wanawake walipanda wakiwa wamevaa magauni yake. La ubatizo wa mtoto ambaye sasa ana ndevu. La mahafali, limekatwa mikono. Moja lilikuwa limehama kutoka kwa mama kwenda kwa binti. Mwalimu mstaafu alikuja na gauni lenye kola ya jani ya kwanza kabisa, ubavuni limefunguliwa mara mbili kwenye akiba ya kitambaa ambayo fundi huiacha ndani ya mshono, na jani lilikuwa bado linakaribia kudondoka.

"Tupige picha," mwalimu alisema. "Tumesikia zako zimeibwa."

Binti alipiga, mmoja baada ya mwingine, mbele ya kioo kilichopasuka. Fundi Njoo alikuwa hajawahi kuyaona magauni yake yakiwa yameishi. Aliyazoea yakiwa mapya, siku ya kutoka. Sasa aliona mahali uzi wake ulipovumilia na mahali ulipochoka, akawa anagusa pindo la huyu na bega la yule, akisema ahsante, ahsanteni, mpaka sauti ikamkauka. Picha ya shangazi haikurudi. Lakini mwalimu mstaafu alimkumbuka, na alimwiga akifoka na pini mdomoni, na chumba kizima kikacheka.

Wa mwisho kupanda, watu wakiwa wameshapungua, alikuwa yule mwenzake wa zamani mwenye duka la vioo. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Mimi sikukuandikia, dada," alisema. "Nami niliibiwa. Nimechelewa kuja kwa aibu."

"Ingia bwana!" fundi viatu alipaza sauti kutoka chini. "Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Akaingia. Wakasalimiana kwa mikono, kisha kwa mabega. Fundi Njoo alijizuia kwa muda wa kumimina chai, kisha ikamtoka.

"Na kola yangu? Kuna mtu kweli aliyeiiba?"

"Hapana, dada. Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna anayeiweza. Hata mimi nimeijaribu. Inanikalia kama masikio ya sungura."

Fundi Njoo akatikisa kichwa, na usoni mwake palikuwa na kitu kinachofanana kidogo na masikitiko. Akaweka kikombe chini. Akavuta kipande cha kitambaa, akakitandaza juu ya blanketi, akachukua chaki.

"Kosa lako ni kwamba unakata kwa kufuata picha," alisema. "Sogea hapa. Tazama mkono wangu."